Nani Alinituma Kwenye Kwantumu?

Ndugu zangu, ukikaa Mapendo, mtaa wetu wa Goma, usiseme kitu kwa sauti. Nyumba ni za mbao, mbao zina matundu, na kila tundu lina sikio. Ukikohoa alfajiri, kabla jua halijapanda kuna mtu wa kule mpakani, karibu na Petite Barrière, anakuuliza kama dawa imekusaidia. Ndiyo sababu leo kila anayefika kwenye kioski changu, kabla hajaomba kredi ya simu ya franka mia tano, ananiuliza kwanza: "Papa, kwantumu inaendeleaje?" Motari ananiuliza bila kuzima pikipiki. Msukuma chukudu, kile kigari chetu cha mbao, amebeba viazi vya kuua punda, jasho linamwingia machoni, anasimama aniulize. Hata wenye madeni yangu wananiuliza, wao ambao miezi yote walikuwa wanapitia upande wa pili wa barabara.

Nijibu nini? Kwantumu inaendelea. Mimi ndiye niliyekwama.

Lawama zote ni za benchi. Nina benchi moja mbele ya kioski. Ni la watu watatu. Linakaliwa na sita, na kati ya hao sita hakuna anayenunua hata pipi. Wanachaji telefone, wanasikiliza redio yangu, wanasema siasa kwa sauti ya chini huku wakiangalia nyuma, halafu wanaondoka na kibiriti changu. Sasa mwaka 2025 redio ikawa haina habari nyingine. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwantumu. Nani alipeleka ombi lenyewe kule New York? Ghana. Ghana! Sisi tunawajua kwa mpira. Ukafika mwezi wa kumi, redio tena: Tuzo ya Nobel ya fizikia wamepewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa majaribio waliyofanya mwaka 1984 na 1985. Walionyesha kwamba sakiti ya umeme, kitu cha kushikika mkononi, inaweza kutii zile sheria za ajabu ambazo watu walidhani ni za chembe zisizoonekana peke yake. Na juu ya sheria hizo ndipo sasa wanajenga kompyuta.

Hapo mzee mmoja wa benchi akakohoa. Huyu zamani alikuwa negosia wa koltani. Alinunua mawe kule Rubaya, Masisi, akauza kwenye makomptuari ya hapa mjini. Siku hizi anauza maneno tu. Akasema: "Hizo mashini zinatengenezwa na mawe yetu." Tukacheka hadi redio ikazimika. Kwa mzee huyu kila kitu kinatoka kwenye mawe yake, roketi, telefone, meno ya bandia, kila kitu.

Kumbe safari hii alisema kweli. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, eko mwaka wa mwisho wa humanité, sehemu ya hesabu na fizikia, anangoja Exetat, mtihani wa serikali. Akamtetea mzee mbele ya watu. Kompyuta nyingi za kwantumu za leo ni vijisakiti vya metali zinazopitisha umeme bila kipingamizi zikipozwa sana. Metali zenyewe ni alumini, ni niobi, na siku hizi ni tantali. Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha Princeton, Marekani, walitumia tantali, na kyubiti zao, yaani biti za kompyuta ya kwantumu, zikatunza hali zake kwa zaidi ya 0.3 ya milisekunde. Msicheke. Kwa mambo hayo ni muda mrefu sana. Sasa koltani ni nini kama si niobi na tantali ndani ya jiwe moja? Rubaya peke yake wanasema inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Na Lueshe, kule Rutshuru, walichimba niobi miaka na miaka. Yaani upande huu Masisi, upande ule Rutshuru, mimi nimekaa hapa Mapendo na chaja niliyoifunga kwa plasta.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nikasema: "Kama mawe ni yetu, akili yake haiwezi kutushinda. Mimi mwenyewe nitajifunza." Mimi! Diplomé wa pedagojia, asilimia 52, na mbili za mwisho zilitoka kwa Mungu. Kufika jioni, Mapendo nzima inajua.

Nifanye nini? Nikaona tangazo kwenye nguzo: formasio ya kompyuta za kwantumu, wanaoanza wanakaribishwa, brevet inatolewa. Sisemi ni ya nani. Nikavaa koti la harusi. Nikafika mlangoni. Kijana mwenye tai akaniangalia viatu, unajua vumbi letu la volkano halina adabu, akasema: "Papa, basantineli banapitia kule nyuma." Nikamwambia mimi si mlinzi, ni mwanafunzi. Akaangalia tena viatu. Akapokea dola zangu, moja moja, akizimulika kwenye jua, maana ukiwa na dola yenye mkunjo hapa Goma ni heri usiwe nayo.

Nikapewa kiti cha plastiki cha mwisho, mguu mmoja umekwenda, wameuegemeza kwenye jiwe la lava. Wakafundisha paka. Ndugu zangu, paka. Paka eko ndani ya kartoni, amekufa na hajafa. Nikanyoosha mkono: "Nani alimfungia?" Chumba kizima kikacheka. Sijui walicheka nini. Mimi ningependa kujua. Baadaye mpwa wangu akaniambia kwamba aliyemtunga paka yule ni Erwin Schrödinger, mwaka 1935, na hakumtunga amfundishe mtu. Alikuwa analalamika! Alitaka kuonyesha kwamba mambo yale, ukiyachukua vibaya, yanafika kwenye upuuzi. Mtu wangu kabisa. Ningekuwa naye kwenye benchi ningemchajia telefone bure.

Halafu kijana wa tai akasema kompyuta ya kwantumu inajaribu majibu yote kwa wakati mmoja, inachagua lililo sawa, basi. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari. Brevet nikapewa, jina langu limekosewa mara mbili kwa njia mbili tofauti. Mama wa watoto amezibia nayo kioo cha dirisha kilichovunjika. Anasema karatasi yake ni ngumu, mvua haipiti. Basi dola zile hazikupotea zote.

Nikahamia kwenye kitabu. Mtu akanipa faili la kitabu cha Nielsen na Chuang, kilichotoka mwaka 2000, wanachokiita baba wa vitabu vyote vya kwantumu. Kurasa zaidi ya 600. Kiingereza. Sasa niambie. Shule nilisoma kwa Kifaransa, nyumbani tunagombana kwa Kiswahili, muziki unaingia kwa Lingala. Kichwa kimejaa hivyo, Kiingereza kitalala wapi? Nikaenda kwenye fotokopi nichape sura ya kwanza tu. Yule dada akauliza: "Papa, ni memwari ya chuo?" Nikasema ndiyo. Sikutaka kuanza maelezo, nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaonijua.

Karatasi zile nilizisoma kwa nguvu. Zikanilaza kwa nguvu. Mwisho mama wa watoto akazikuta, akafungia ndazi. Ukurasa wa vekta ukaondoka na ndazi tano hadi soko la Virunga. Kesho yake mnunuzi amerudi na ukurasa mkononi. Moyo ukanidunda, nikafikiri ana swali. Alikuja kushtaki kwamba wino umeshika ndazi.

Hapo mpwa wangu akanihurumia. Au alichoka na aibu ya ukoo, sijui. Akaniambia: "Mjomba, achana na paka. Lete kaye ya karo na kalamu." Nikamwuliza kompyuta iko wapi. Akasema mwanzo hakuna kompyuta. Mwanzo ni hesabu, na si hesabu ya kuogopesha: vekta za namba mbili, matrisi za mbili kwa mbili, namba changamano kidogo, na uwezekano. Baadaye kidogo, Python, lugha ya kuandikia programu. Mtu aliyeshika hayo, akasema, atasoma kozi yoyote ya kwantumu. Mtu aliyeruka hayo atabaki na paka. Akanikalisha kwenye kasha la bia ya Primus. Benchi lilikuwa limejaa, nikaona wote wamegeuka kututazama. Walinunua nini siku ile? Hakuna.

Somo likaanza. Biti ya kompyuta ya kawaida ni 0 au ni 1. Kyubiti unaiandika kwa namba mbili. Hali ya 0 ni (1, 0). Hali ya 1 ni (0, 1). Katikati hapo kuna hali zisizohesabika, ila kwa namba za kawaida, zisizo changamano, sheria ni moja: kila namba uizidishe kwa nafsi yake, ujumlishe, ipatikane 1 kamili. Akanipa mfano: 0.6 na 0.8. Ya kwanza inatoa 0.36, ya pili 0.64, jumla 1. Maana yake ukiipima kyubiti hiyo, mara 36 katika 100 utaona 0, mara 64 utaona 1. "Haya mjomba, tunga yako." Nikatunga 0.5 na 0.5, nusu kwa nusu, haki bin haki. Nikazidisha. 0.25 na 0.25. Jumla nusu. Nusu nyingine imekwenda wapi? Nikarudia. Nusu. Nikamwangalia jirani aliyekaa karibu na kaye. Mpwa wangu akafunga macho, akasema pole pole: "Mjomba, si 0.5. Ni 0.7071." Sasa nani anayegawa kitu nusu kwa nusu akapata 0.7071? Lakini zidisha uone. Inatoka 0.5, kasoro kidogo mno. Nimeizidisha kwa mkono, kwa telefone, na kwa mashini ya kuhesabia ya muuza mafuta. Inatoka.

Halafu kuna kitu wanakiita geti. Geti ni matrisi, unaipitisha kyubiti, inatoka imebadilika. Geti X inageuza 0 kuwa 1. Hiyo hata mimi sikuhitaji kuelezwa. Geti H, ya Hadamard, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Pitisha 0 kwenye H, inatoka 0.7071 huku na 0.7071 kule. Sawa, ni nusu kwa nusu, bahati tupu. Sasa pitisha tena kwenye H ile ile. Mimi nikasema, mbele ya mashahidi, kwamba bahati juu ya bahati ni bahati. Ukivuruga kitu kilichovurugika hakiwezi kutengenezeka. Mpwa wangu akasema, "Piga hesabu." Nikapiga. Namba ya kwanza: 0.5 jumlisha 0.5, moja. Namba ya pili: 0.5 toa 0.5, sifuri. Imerudi 0 safi! Kila mara! Mzee wa koltani akasema ni uchawi, akasogea mbali.

Si uchawi, ni alama ya kutoa. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nilielewa kitu kabla ya kuelezwa, maana deni ndilo somo langu. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anadaiwa na mimi kredi ya mia tano. Mimi nadaiwa naye sambaza za mia tano. Ukizikutanisha, hakuna anayemdai mwenziwe, zimefutana. Uwezekano wa kawaida hauna deni. Asilimia 30 ya mvua ukiongeza asilimia 20 inapanda tu, haiwezi kufuta. Lakini namba za kyubiti, wanaziita amplitudi, zinaweza kuwa hasi, hata changamano, kwa hiyo njia moja ya kufika kwenye jibu inaweza kuifuta njia nyingine. Kazi yote ya mtu wa kwantumu ni hiyo: apange mageti ili njia za jibu bovu zifutane na za jibu zuri ziongezeane. Na ile ya kijana wa tai, kujaribu majibu yote pamoja? Mpwa wangu akatikisa kichwa. Ukipima unapata jibu moja, mengine yote yamekwenda. Kama hukuyapanga kufutana, umepewa namba ya bahati nasibu kwa gharama kubwa. Nikaliangalia dirisha letu na brevet yake.

Furaha ya kuelewa ikaniponza. Nikaanza kuweka alama za kutoa kwenye kaye ya madeni. Huyu hasi, huyu chanya, huyu nikamwekea 0.7071 maana hana uhakika wa kulipa. Mama wa watoto akaifungua siku ya mahesabu. Akasoma. Akanyamaza. Akasoma tena. "Unaandika kwamba sisi ndio tunadaiwa na motari?" Nikajaribu kumweleza amplitudi. Motari mwenyewe alikuwa amesimama pale, akasema yeye anaikubali kaye ilivyo, na anangoja pesa yake. Hadi leo tunabishana. Na kaye sasa inatunzwa na mama, mimi naandika kwenye kartoni ya sabuni.

Tukaingia kwenye telefone. Kuna ukurasa mmoja unaitwa Quirk, umetengenezwa na Craig Gidney. Ni faili moja tu, ukishaipata unaifungua kwenye telefone hata mega za intaneti zimekwisha, na kwa kweli hiyo ndiyo hali ya telefone yangu. Unavuta geti kwa kidole, unaliweka kwenye mstari, papo hapo unaona asilimia. Mimi kidole changu ni kinene. Nikivuta H inakuja X. Nikivuta X inafuta kila kitu. Watoto wa jirani wameshajua, wananivutia wao.

Siku ya kyubiti mbili nilidhani nimetajirika. Weka H kwenye ya kwanza, halafu CNOT, ile geti inayogeuza ya pili pale ya kwanza inapokuwa 1. Kinachotoka ni nusu 00, nusu 11. Hakuna 01, hakuna 10. Ukipima moja umeshajua nyingine, hata ingekuwa Kinshasa. Hata ingekuwa mwezini! Nikaruka kutoka kwenye kasha. Basi mega zimekwisha kazi! Moja nabaki nayo hapa, moja nampelekea shemeji yangu Kinshasa, tunaongea bure hadi mwisho wa dunia. Nilishaanza kufikiria bei ya kuwauzia wengine. Mpwa wangu akaniacha nimalize. Halafu akasema huwezi kuchagua kitakachotoka. Wewe unaona 0 au 1 kwa bahati, shemeji naye anaona kwa bahati, na hakuna anayejua zimelingana mpaka mpigiane simu. "Kwa mega, mjomba." Benchi likacheka. Nimeshamwambia shemeji. Ananipigia kila Jumapili kuuliza kyubiti yake imefika wapi.

Nikauliza mashini ya kweli tutaiona lini. Akasema wanaoanza wengi hawana haja nayo. Hesabu ya kyubiti 10 ni namba 1024, kitu kidogo. Mashini kuukuu ya shule, yenye memori ya giga 4, inaweza kuiga kyubiti 25 kwa programu ya bure ya Qiskit, ile ambayo IBM waliitoa mwaka 2017. Zikifika 30 ndipo inataka giga 16, maana kila kyubiti moja unayoongeza inazidisha kazi mara mbili. Lakini mimi nikang'ang'ania. Nimeshasema kwa watu nitagusa mashini ya kwantumu, nitagusa. IBM waliweka yao ya kwanza kwenye intaneti mwezi wa tano 2016, kyubiti 5, ili mtu yeyote aitumie akiwa kwake. Mwaka 2025 walikuwa wanatoa dakika 10 za bure katika kila siku 28. Rafiki wa mpwa wangu aliyeko Kigali akaturushia kazi yetu, zile kyubiti mbili. Foleni. Tukangoja. Umeme ukakatika. Ukarudi. Tukangoja.

Wakati tunangoja nikaambiwa mashini ile inakaa kwenye baridi ya karibu digrii 273 chini ya sifuri, kali kuliko anga lenyewe huko juu kati ya nyota. Mimi nimejenga juu ya lava ya mwaka 2002. Tarehe 17 mwezi wa kwanza lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita hapa hapa ikielekea ziwani, ikala kioski cha marehemu baba. Sasa kipande cha milima hii hii ya Kivu kinapelekwa ng'ambo, kinawekewa friji ya pesa nyingi sana, mimi friji yangu ya soda ni beseni la maji.

Jibu likaja. 00 nyingi. 11 nyingi. Na vijinamba vya 01 na 10, vile vilivyokatazwa, viko pale. Nikashtuka. Nikaomba asimwambie mtu, labda hawajui ni sisi tulioiharibu. Kumbe hakuna aliyeharibu. Mashini za leo ndivyo zilivyo, zina makelele, joto kidogo au mtetemo kidogo kyubiti inakosea, na wakubwa wote wa dunia wanahangaika na dawa ya makosa hayo. Nikalala vizuri usiku ule. Nimekuwa nikikosea maisha yangu yote bila friji yoyote.

Mpwa wangu anataka kwenda mbele. Hapo Kigali, masaa machache tu ukivuka, kuna AIMS, ile taasisi ya hesabu iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003 na kufungua Rwanda mwaka 2016. Walianzisha na kituo cha mambo haya, Quantum Leap Africa. Chuo Kikuu cha Wits cha Johannesburg kiliingia mkataba na IBM mwaka 2019, na mlango ukafunguliwa hadi kwa vyuo vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na Rwanda. Lakini AIMS ni ya mtu mwenye lisansi tayari. Kwanza Exetat, kwanza chuo. Amenipa orodha ya gharama. Nimeiweka chini ya godoro na orodha nyingine.

Benchi nalo lina maswali yake. Je, mashini hizi zitavunja siri za pesa ya telefone? Mpwa wangu akasema kuna Mmarekani, Peter Shor, aliyeonyesha mwaka 1994 njia ya kuvunja namba kubwa vipande vipande kwa kwantumu, na siri nyingi za intaneti zinalindwa na ugumu wa kuvunja namba hizo. Ila inahitaji mashini kubwa isiyokosea, na haijatengenezwa. Mwaka 2001 watafiti waliijaribu njia hiyo kwa kyubiti 7, wakavunja 15. Wakapata nini? 3 mara 5. Benchi likaangaliana. "Maprofesa wale," akasema motari, "wangenipigia simu."

Mzee wa koltani akakasirika. Akasema mambo ya namba yalianzia kwetu. Na mpwa wangu akamkubalia tena, sijui wamekula nini hawa wawili. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa pale Ishango, mto Semliki unapotoka ziwa Edward, mkoa huu huu wetu. Una miaka kama 20,000 na una mikato imepangwa kwa mafungu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Namba tasa zote kati ya 10 na 20, zisizovunjika. Wataalamu wanabishana kama mkataji alijua au ni bahati. Na mfupa wenyewe uko Brussels. "Hata mfupa!" akasema mzee. Tukanyamaza, tukawaombolezea mababu.

"Basi vunjeni 2021," akasema mpwa wangu. "Bila telefone."

Nani hapa asiyekumbuka 2021? Tarehe 22 mwezi wa tano, Jumamosi usiku, Nyiragongo tena, mbingu nyekundu. Benchi likasahau hesabu. Huyu alikimbilia Gisenyi na televisheni kichwani, huyu Sake na mbuzi. Lava ikaishia Buhene, lakini sisi tuliendelea kukimbia. Mimi peke yangu nilibaki na kartoni yangu ya sabuni. Nikagawa kwa 3, ikakataa. Kwa 7, ikakataa. Kwa 11, 13, 17, 19, mfupa wote wa Ishango ukakataa. Nikatangaza kwamba 2021 ni namba tasa.

Muuza sambaza alikuwa amesimama tu, anangoja apishwe na beseni lake. Akasema: "2025 ni 45 mara 45. 2021 imepungua 4, na 4 ni 2 mara 2. Basi ni 43 mara 47." Akaomba tumsogezee benchi.

Kumbe alisoma math-physique, Bukavu, kabla ya vita. Miaka yote hii ananiuzia sambaza, sikuwahi kumwuliza. Mpwa wangu hakungoja kuambiwa mara mbili, akamkalisha hapo hapo. Sasa kila jioni wanakaa wawili pale, kaye yangu, kalamu yangu, taa yangu ya sola, wameshafika kwenye kyubiti tatu na wanabishana kuhusu kitu kinaitwa Grover. Mimi natumwa chai. Jana niliinama nione wanaandika nini, wakaniambia: "Papa, sogea kidogo, unatuzibia mwanga."